Chini ya Mstari wa Baridi

Louisville, 14 Januari 2024

Dada Eliakunda,

Hunijui. Mimi ni Gentille, mdogo wake Bonheur, yule aliyebaki ziwani mkiwa pamoja mwezi wa kumi. Anwani yako nimeitoa juu ya boksi ulilotutumia. Kwanza nilijaribu kukupigia, simu ikasema namba haipo tena. Sikushangaa. Baba mdogo Zihindula alikupigia kutoka Buffalo, na yale aliyokuambia aliyarudilia mbele yetu sote, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze. Donc kama hutajibu, nitaelewa.

Boksi lilifika hapa South End siku ya theluji. Mama alikuwa kazini, ku depo ya mizigo, nikalifungua peke yangu jikoni. Kofia yake ya sufu. Miwani ya kuzamia. Tochi. Soksi nene ambazo bado ziko na harufu ya mpira. Na glavu moja nyeusi ya mkono wa kushoto. Nilitafuta ya kulia mpaka nikageuza boksi na kulikung'uta. Dada, ile ingine iko wapi?

Nikuambie pia juu ya mama, sababu labda unafikiri anakuchukia. Mama hasemi kitu juu yako. Hasemi hata kwamba Bonheur amekufa. Anasema, "Bonheur hajarudi." Watu wa kanisa walikuja kutaka kupanga kilio, akawapa chai, akawauliza, "Kilio cha nani?" Wakaangaliana, wakanywa, wakaenda. Akitoka kazini anakaa ndani ya gari mbele ya nyumba na kupiga namba ya Bonheur. Simu yenyewe imezimwa, iko ndani ya droo kwa Zihindula, lakini sauti yake inajibu: niko mbali kidogo, acha neno. Mama anaacha neno. Anamwambia kwamba kumefanya baridi, kwamba avae vizuri.

Mimi nilimsikiliza mara moja kupitia dirisha la gari. Tangu siku ile sina amani.

Bon. Ninachokuomba ni hiki: nifundishe kuzamia. Polisi walitafuta, upepo ukawazuia, kisha barafu ikafunga. Lakini barafu itatoka. Kwetu Kivu ziwa halikai na mtu siku nyingi, linamrudisha juu. Kama la huku ni la polepole, basi litamrudisha masika, na mimi nataka siku hiyo niwe najua kushuka.

Gentille


Columbus, 2 Februari 2024

Mdogo wangu Gentille,

Pole. Neno hili nimelikalia tangu Oktoba, na sasa ninapoliandika naliona dogo mno.

Ni kweli, nilibadilisha namba. Sikumkimbia baba yenu mdogo, ana haki ya kuuliza. Nilikimbia mlio wa simu. Na nashukuru umeniandikia kwa karatasi. Kwenye simu ningelia, wewe ungelia, tungekata. Hapa naweza kunyamaza katikati ya sentensi nikaenda dirishani, nikarudi, na wewe hujui.

Mimi ni Mpare wa Same. Nilikuja chuo kikuu hapa kusomea viumbe wa maji yasiyo na chumvi, hasa kome, na nilijifunza kuzamia kwa sababu kome hawaji juu kukufuata. Kwenye klabu ya wazamiaji nasaidia kufundisha wanaoanza. Bonheur alikuja pale msimu wa joto wa mwaka juzi, ameendesha gari kutoka Buffalo baada ya zamu ya kiwandani, akauliza kwa Kiingereza chake kama mtu asiyejua kuogelea vizuri anaweza kujifunza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tulikuwa wenzi majini. Maana yake ni kwamba kila mmoja anamwangalia mwenzake, na hakuna anayepanda bila mwingine.

Glavu ya kulia amebaki nayo yeye, alikuwa ameivaa. Naomba leo niishie hapo.

Kuhusu kujifunza, jibu langu ni hapana. Kuzamia kwenye maji baridi hakufanywi na mtu anayetafuta. Anayetafuta hasikii mwili wake. Baridi inaanza kwenye midomo, inaingia vidoleni, kisha inaingia kwenye akili, na ikifika huko unaona kila jambo ni sawa. Hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi ikitoka inakuwa baridi zaidi ya maji yenyewe. Mara nyingine kifaa cha kupumulia kinaganda kikiwa wazi, na hewa yote inamwagika mbele ya macho yako kama mvuke wa birika. Ndivyo ilivyoanza kwa Bonheur. Nakuambia hili ili ujue kwamba hakufanya kosa.

Najua utatafuta mwalimu mwingine hata nikikataa. Kaka yako alikuwa hivyo hivyo. Basi fanya hivi: tafuta bwawa la ndani, lenye maji ya uvuguvugu, ujifunze kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena bila kupanda juu. Jifunze kupumua taratibu mpaka uchoshwe nako. Ukimaliza, na bado unataka, niandikie.

Dada yako,
Eliakunda


Buffalo, 24 Machi 2024

Dada Eliakunda,

Uone mahali barua imetoka. Nimehamia Buffalo. Nimepata kazi ya kuhudumia wazee, nawaogesha na kuwalisha, na nakaa kwa Zihindula, hapa Lower West Side, ndani ya chumba cha Bonheur. Mama nimemwambia nimefuata kazi. Si uongo, kazi niko nayo.

Bwawani nimemaliza. Siku ya kwanza ya kuvua miwani maji yaliingia puani, nikapanda juu kama mtu aliyeungua. Mwalimu, mzungu mzee mpole sana, akaniambia nirudi chini nikae tu nimepiga magoti, nisifanye kitu. Nilikaa. Nikafungua macho bila miwani. Kila kitu kilikuwa cheupe na laini, sikuona mtu na sikusikia mtu, nikasikia pumzi yangu peke yake. Dada, nitakuambia ukweli: ilinipendeza. Niliona aibu kwamba ilinipendeza.

Ndani ya chumba hiki sibadilishi kitu. Kuna kioo kidogo ukutani ambacho Bonheur alikining'iniza kwa urefu wake, mimi najiona paji la uso tu. Zihindula hapendi kuingia. Juzi kwenye chakula aliniuliza, "Bado unaandikiana na yule Mtanzania?"

"Ndiyo."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba Bonheur hakufanya kosa."

Akaweka kijiko chini. "Na yeye je?"

Nikamwambia, "Baba, sijamuuliza." Akainuka akaenda kuosha sahani ambayo bado ilikuwa na chakula.

Nikitoka kazini natembea mpaka mwisho wa barabara, pale ziwa linapoonekana. Barafu imepasuka, vipande vinagongana siku nzima na kutoa sauti kama vyombo vinavyopangwa kabatini. Watu wa hapa wanapita hawageuki. Mimi nasimama mpaka miguu inakufa ganzi.

Lile neno langu la ziwa kumrudisha Bonheur hukulijibu. Sasa ni masika. Litamrudisha?

Gentille


Columbus, 21 Mei 2024

Gentille mdogo wangu,

Nimefurahi kukuona sura. Ulipotoka kwenye gari pale machimboni nilishika mlango wa gari langu, kwa sababu unatembea kama yeye, bega moja mbele. Sikukuambia. Ulikuwa na hofu ya kutosha.

Naomba tuongee juu ya kuzamia kwako kwa mara ya kwanza nje ya bwawa, kama mwalimu na mwanafunzi. Yale machimbo ya mawe yaliyojaa maji ni mahali pazuri kwa anayeanza, hayana wimbi wala mkondo. Na masika ni wakati wa kweli wa kujifunza baridi, kwa kuwa maji ni baridi sawasawa kuanzia juu mpaka chini, na ni meupe, bado mwani haujaota. Uso uliuma, nikakuona unafumba macho. Kisha ukahesabu pumzi kama nilivyokufundisha, mabega yakashuka. Nguo yako isiyopitisha maji ilibana na ukakumbuka kuiongezea hewa kidogo. Ulipanda taratibu, chini ya mapovu yako mwenyewe. Ulifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, na ndiyo maana sikulala vizuri.

Kila mwanafunzi wangu, mara ya kwanza, hutazama mkono wangu. Anasubiri nimwonyeshe sawa, au simama, au panda. Wewe ulinitazama mara chache, halafu ukatazama nyuma yangu, kule giza linapoanzia. Nikikuonyesha ishara unajibu, lakini macho hayapo.

Umeniuliza tena lile swali, tukiwa tunakunywa chai ya moto kwenye buti la gari, nami nikajifanya nafunga kamba za mtungi. Ziwa ni kubwa, Gentille. Lina mikondo yake. Sina jibu ninaloweza kukupa.

Mwezi wa saba tutaingia ziwani karibu na ufukwe, mahali pa kina kifupi. Endelea na mazoezi. Na mwambie mama yako.

Eliakunda


Buffalo, 29 Julai 2024

Dada Eliakunda,

Mama sijamwambia. Nitamwambia.

Nakuandikia sababu ndani ya gari nilikuwa mkimya, na wewe ulifikiri nimechoka. Sikuchoka. Ulikuwa umenieleza kwamba wakati wa joto ziwa linakuwa kama maziwa mawili, moja limelala juu ya lingine: la juu la vuguvugu, la chini limeshika baridi ya majira yaliyopita, na katikati kuna mstari. Nilifikiri ni maneno ya kufundishia. Kumbe mstari uko kweli. Niliuona ukitetemeka kama hewa juu ya lami. Nikapitisha mkono, vidole vikawa mwezi wa kwanza na kiwiko bado mwezi wa saba.

Tukashuka chini yake. Wewe ulikuwa kulia kwangu, nakuona, taa yako naiona. Lakini kila tukiwa chini ya mstari naogelea nikimwachia mtu nafasi upande wa kushoto. Sifanyi kwa kutaka. Nikipita kwenye jiwe nazunguka kwa upana, kama mtu anayetembea na mwenzake kwenye njia nyembamba. Juu ya mstari hali hiyo inaniacha. Nikishuka tena, iko pale.

Siogopi, dada. Hilo njo linanitisha.

Bon, niseme ninachotaka. Septemba mtaenda na boti mpaka kwenye ile meli iliyozama, pale Bonheur alipobaki, nimesikia klabu wanapanga. Nipeleke. Najua mimi ni mwanafunzi, najua meli yenyewe iko chini kuliko ninavyoruhusiwa. Nitabaki kwenye kamba, mahali utakaponiambia, sitashuka zaidi. Nataka tu kupaona kwa macho. Ukikataa sitagombana na wewe, lakini nitaenda.

Gentille


Louisville, 18 Agosti 2024

Eliakunda,

Mimi njo Cibalonza, mama ya Bonheur na Gentille. Naandika na mukono yangu, sikupatia mutu aniandikie.

Zihindula alinipigia. Alisema Gentille anaingiaka mu maji pamoja na wewe. Alifikiri nitapiga makelele. Nilimuambia najua. Sikukuwa najua, lakini sikutaka yeye njo anijulishe mambo ya mutoto wangu.

Nikuambie kitu yenye Gentille hawezi kukuambia, juu anaificha na mimi namusaidia kuificha. Baba yao, Marcellin, alipanda boti Goma akuje kwetu Bukavu. Upepo ikaikamata mu katikati ya ziwa. Watu walipatikana, yeye hapana. Kila siku ya posho, ile ya Jumamosi, nilikuwa naenda ku port kungojea boti, Bonheur mbele, Gentille namushika mukono. Watu ya port walituzoea, walikuwa wanatupatia kiti. Miaka ikapita. Wakati safari ya America ilitoka, nilikataa kwanza. Nilisema, akifika port, nani atamupokea? Wazazi wengine wanafundisha watoto kusoma. Mimi niliwafundisha kungojea.

Sasa mutoto mwanaume ameenda vilevile, na hii inabakia inashuka kumufuata mu maji. Simu ya Bonheur ilijaa. Inaniambia haina tena nafasi. Maneno yangu yote iko mule, hakuna mutu ameisikia.

Watu wanasema ulimuachilia. Nilingojea unipigie unielezee, haukupiga. Sina hasira ya kunyamaza kwako, na mimi nanyamazaka. Siku moja, kama uko na nguvu, utanielezea.

Sikuombi umukataze. Ukimukataza atatafuta mutu mwingine wa kumushusha, na ule hatamujua. Umushushe wewe. Lakini umurudishe. Njo yeye tu nabakia naye.

Usimuambie kama nimekuandikia.

Mama Bonheur


Buffalo, 23 Septemba 2024

Dada Eliakunda,

Najua una hasira. Kwenye boti ulinivua mtungi kama mtu anayemvua mtoto nguo zilizolowa. Acha niandike yote, kisha ukitaka kuniacha, uniache.

Nilikudanganya. Tangu tulipotoka bandarini nilikuwa najua kwamba sitabaki mahali uliponiambia.

Tulishuka vizuri. Nilikuwa na mkono kwenye kamba, mstari wa baridi ukapita kwenye uso wangu, na giza la kijani likaanza. Ukanionyesha simama. Nikakuonyesha sawa. Meli ilikuwa chini yetu, sikuiona, niliona tu kwamba giza pale ni zito kuliko kwingine. Halafu tope likapanda, sijui limetoka wapi, taa yako ikawa ya njano, ikawa ndogo, ikapotea. Upande wangu wa kushoto palikuwa na yule. Nikaachia kamba.

Sikuzama kama jiwe. Nilishuka polepole, kichwa mbele, na ilikuwa rahisi sana. Baridi iliacha kuuma. Niliona mwanga chini, mdogo, unaenda kama mtu anayetembea na tochi akitafuta kitu alichoangusha. Nikafikiri, anatafuta glavu. Dada, nilifikiri hivyo, kabisa, kama ninavyofikiri nikiona mtu kwenye kituo cha basi. Nikafungua mdomo kumwita, kile kifaa cha hewa kikaanza kutoka kwenye meno.

Hapo njo nikasikia ukigonga mtungi. Mara tatu, chuma juu ya chuma, pale kwa nyuma yangu na juu. Kisha tena mara tatu. Nikauma kifaa. Nikageuka kutafuta sauti, na nikasikia baridi yote kwa mara moja, kila kidole. Ule mwanga ukawa hauko. Nikapiga mapezi kuelekea ulipogonga, na mkono wako ukanishika kwenye kifua, tukapanda, ukanisimamisha njiani tukangoja mwili uzoee, ukinitazama machoni kupitia miwani mpaka wakati wa kutoka.

Donc asante. Nataka uwe na asante hiyo kwa maandishi. Kama usingegonga, mama angekuwa anapiga simu mbili.

Gentille


Columbus, 30 Septemba 2024

Gentille,

Nina hasira, ndiyo. Itaisha. Sikuachi.

Lakini kuna jambo lazima nikuambie, na nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Sikugonga.

Taa yako ilipopotea nilishika kamba kwa mikono yote miwili. Niliganda pale, Gentille. Nilidhani nimempoteza mtu tena, mahali palepale. Sikuwa na kisu mkononi wala kitu cha chuma. Kisha nikasikia kugonga mara tatu, chini yangu, na tena mara tatu. Nikadhani ni wewe unaniita. Nikaachia kamba nikafuata sauti, na nikakukuta unakuja. Mimi nilishuka kwa sababu ya kugonga kwako. Wewe ulipanda kwa sababu ya kugonga kwangu. Wengine wote walikuwa bado juu, wanavaa.

Mimi ni mtu wa sayansi. Nimejiambia kwamba ni mnyororo wa nanga, na kwamba chini ya maji sikio halijui sauti inatoka upande gani. Hayo ni kweli, nawafundisha watu kila mwaka. Usiku wa jana nilijaribu tena kuyaamini.

Sasa nikujibu yale niliyokuwa nakimbia. Oktoba ile, hewa ya Bonheur ilipomwagika nilimpa kifaa changu cha akiba cha kupumulia, akakipokea vizuri. Nikamshika mkono wa kushoto, tukaanza kupanda pamoja. Boti juu ilipigwa na wimbi, kamba ikavutwa kwa nguvu, tukatupwa huku na huku kwenye tope. Niliendelea kuushika mkono. Niliushika kwa nguvu zangu zote na nikapanda nao, nikijua ninaye. Maji yalipokuwa meupe nikageuka. Nilikuwa nimeshika glavu. Nilirudi chini mpaka hewa yangu ikanikataza.

Nayo haya maji, hapana, hayatamrudisha. Maji ya Kivu ni ya joto. Chini huku baridi haiondoki mwaka mzima, na anayelala pale anabaki pale. Nilijua hivyo tangu barua yako ya kwanza. Ulikuwa umeshika masika kwa mikono miwili, nami najua nini kinatokea mtu akigeuka na kukuta ameshika glavu.

Mama yako aliniandikia mwezi wa nane. Alinikataza kukuambia. Namvunjia neno lake, kwa kuwa ninyi wawili mnangoja kwenye vyumba viwili na kila mmoja anadhani anamlinda mwenzake. Mpelekee barua hii. Msomee yote, na ile sehemu ya kugonga pia. Mwambie shikamoo yangu, na kwamba nikiitwa nitakuja kumweleza ana kwa ana.

Eliakunda


Louisville, 8 Desemba 2024

Dada Eliakunda,

Ulituaga haraka siku ya kilio, ukasema theluji itakukuta njiani. Mama anauliza kila siku kama ulifika. Nimemwambia ulifika, lakini anataka neno lako mwenyewe, donc mpigie.

Hukujua namna tulivyofika kwenye siku ile. Barua yako nilimsomea mama jikoni, amesimama, na koti la kazi mwilini. Nilipofika kwenye glavu alikaa. Nilipofika kwenye maji ambayo hayarudishi aliniambia nirudilie, nikarudilia, akaniambia tena nirudilie. Ile ya kugonga niliisoma kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Bonheur alikuwa na tabia ya kugonga mlango kwa nguvu. Nilimgombeza kila siku." Akaingia chumbani. Nilimsikia akilia, dada, na ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, hata enzi ya baba. Sikuenda. Nilifikiri, kilio hiki ni cha kwake.

Asubuhi alimpigia mchungaji.

Uliona mwenyewe watu walivyojaa, na viatu vilivyojaa mpaka kwenye ngazi. Uliona Zihindula alivyoinuka kukupa kiti. Zile simu alizokupigia zinamla. Baada ya wewe kutoka alibaki amesimama nyuma ya kile kiti, na mtu akitaka kukikalia anasema kina mwenyewe. Wakati wa kutaja majina ya marehemu mchungaji alimtazama mama, akingoja jina moja. Mama akataja Marcellin kwanza. Watu wengi hapa hawakujua kabisa kwamba kulikuwa na Marcellin. Halafu akataja Bonheur, majina yake yote, polepole.

Mimi narudi Buffalo juma lijalo, wazee wangu wananingoja. Uliniuliza kama nitaendelea kuzamia. Nilisema sijui. Sasa najua: nataka kuingia chini ya barafu siku moja, pamoja na wewe, nione mwanga unavyoingia kutoka juu. Nataka kutazama tu. Upande wa kushoto bado kuna mtu, hilo sikufichi. Nilikuwa bwawani hapa juzi, kwenye maji ya uvuguvugu, na niliogelea nikimpisha. Sitamfukuza, wala sitamfuata.

Mama alirudi kazini jana. Kuna mwanamke mpya ku depo, Mnyarwanda, anaitwa Uwineza. Walikaa pamoja wakati wa mapumziko, na yule akamuuliza kama watu wanavyoulizana: mama, una watoto wangapi? Zamani mama alikuwa anajibu wawili, kisha anabadilisha maneno. Anasema alimeza chai kwanza. Halafu akajibu, "Nilizaa wawili. Kijana amekufa. Binti yuko Buffalo." Uwineza akamwambia pole, akakata kipande cha mkate wake, akampa, wakala.

Aliniambia hayo mlangoni, akivua viatu, na sauti ya kila siku. Kisha akaniuliza kama kuna maji ya moto, akaenda kuoga.

Mdogo wako,
Gentille